MASHINI NI YAO, LAWAMA NI YETU

Ndugu Wafanyakazi wa Butula, Bumala, Busia na Malaba,

Yako maneno matatu ambayo kila mfanyakazi wa upande huu wa mpaka ameyasikia: "Sistimu iko chini." Karani wa forodha humwambia dereva wa lori. Karani wa hospitali humwambia mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Mkusanya ushuru humwambia mwenye kibanda sokoni. Na kila ayasemaye maneno hayo huyasema kwa aibu, kwa sababu akiulizwa swali la pili, yaani "Kwa nini?", hana jibu. Mkubwa wake akiulizwa, hana jibu. Mkubwa wa mkubwa wake naye hana. Wote wanaitazama simu, wakingoja kontrakta apige.

Leo twataka kusema jambo moja waziwazi. Ofisi inapotoa kazi yake yote ya kompyuta kwa kontrakta, haitoi kazi tu. Inatoa na akili yake. Mkubwa aliyeutoa ujuzi nje ya nyumba hawezi tena kumsimamia kontrakta, wala hawezi kumtetea mfanyakazi wake mwenyewe. Hilo la kwanza ni hasara ya wananchi wote. Hilo la pili ni hatari yetu sisi, kwa mishahara yetu na hata kwa uhuru wetu, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Tusieleweke vibaya. Hatupigani na mashini. Wazee wetu waliofanya kazi kwa madaftari wanajua: kurasa zilichanwa, vitabu vya risiti vya uongo vilichapishwa, na faili "ilipotea" mpaka mwenye shida atoe kitu kidogo. Mashini nzuri ni rafiki wa mfanyakazi mwaminifu. Swali letu si kama kompyuta iwepo au isiwepo. Swali letu ni hili: Nani anaijua? Na ufunguo uko mfukoni mwa nani?

JINSI UJUZI UNAVYOTOKA

Ujuzi hautoki kwa siku moja. Hutoka kama maji katika mtungi wenye ufa.

Mwanzoni ofisi ina vijana wawili au watatu wanaojua kompyuta. Si mabingwa, lakini wanajua mambo ya nyumba: karani gani anakosea wapi, daftari gani linalingana na lipi, siku gani kazi huwa nyingi. Kisha tenda inatangazwa. Kontrakta anakuja na mashini zake, programu zake na watu wake. Vijana wetu wanaambiwa: "Ninyi msiguse. Mkigusa mtavunja mkataba." Tangu siku hiyo kazi yao ni kubadili wino wa printa na kuvuta nyaya.

Mwaka wa pili mmoja anaondoka, kwa maana fundi asiyefanya ufundi huona mikono yake inaota kutu. Nafasi yake haijazwi. Wakubwa wanasema, "Ya nini? Kontrakta si yupo?" Mwaka wa tatu yule mwingine anahamishiwa masijala. Mwaka wa tano mkataba unakwisha, na hapo ndipo ofisi inagundua kwamba hakuna mtu hata mmoja ndani ya nyumba awezaye kusoma mkataba mpya na kusema, "Bei hii ni ya haki," au "Bei hii ni ya wizi." Kontrakta anataja bei. Mkubwa anatia sahihi. Angefanya nini? Hesabu zote zimo ndani ya mashini ya kontrakta, na akikataa, kesho asubuhi ofisi haifunguki.

Tazameni jinsi mambo yalivyopinduka. Katika karatasi mkubwa ni bwana na kontrakta ni mtumishi. Katika kweli mtumishi ndiye anayemwambia bwana kinachowezekana na kisichowezekana, bei yake, na muda wake. Wahenga walisema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyu si ndugu hata.

Wako wasomi wasemao kwamba uongozi ni kazi ya peke yake; eti meneja hodari aweza kuongoza jambo asilolijua, mradi awe na mkataba mzuri na ripoti ya kila mwezi. Ndugu, ripoti hiyo inaandikwa na nani? Na kontrakta. Kontrakta akiandika kwamba mtambo ulifanya kazi asilimia 99 ya mwezi, mkubwa hufurahi. Lakini piga hesabu. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia moja ni saa 7 na dakika kadhaa. Saa hizo zikianguka usiku wa manane, hakuna neno. Zikianguka mchana wa siku ya soko Bumala, ushuru wa siku nzima umepotea, na ripoti bado ni nzuri. Ni mtu ajuaye kazi tu ndiye angeuliza: "Saa hizo 7 zilikuwa za siku gani?" Mtu huyo ndiye tuliyemhamishia masijala.

SIMBA ALIYETOKA SENEGALI

Tuanze na forodha, kwa kuwa vijana wengi wa Marachi hupata riziki yao mpakani: makarani wa mawakala wa mizigo, wapakiaji, madereva, matanboi.

Mwaka 2005 Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ilianza kutumia mtambo wa forodha ulioitwa Simba. Wengi walidhani simba huyo ni mzaliwa wa hapa. Sivyo. Alitoka Senegali. Mzazi wake ni mtambo wa forodha ya Senegali uitwao GAINDE. Na neno hilo kwa Kiwolofu maana yake ni simba pia.

Senegali si nchi tajiri kuliko Kenya. Nao wangeweza kuchukua mtambo uliokwisha kutengenezwa. Shirika la Umoja wa Mataifa liitwalo UNCTAD lilikuwa nao tayari, jina lake ASYCUDA, na nchi nyingi za Afrika ziliuchukua. Lakini watu wa forodha ya Senegali walikata shauri kutengeneza wa kwao, na wakautumia tangu miaka ya 1990. Bila shaka walikosea mara nyingi, kama kila mwanafunzi anavyokosea. Lakini kila kosa liliacha ujuzi ndani ya nyumba yao. Ilipofika 2005 wao ndio waliokuwa na kitu cha kutupatia sisi.

Wao walianza kwa kujifunza, wakaishia kuwa walimu. Sisi tulianza kwa kununua, na simba alipozeeka tulirudi sokoni kununua tena: mtambo uitwao iCMS, nao ukatafutwa kwa tenda.

Jirani zetu wa Uganda wanatumia ASYCUDA ya UNCTAD. Huo nao haukuzaliwa Kampala. Lakini desturi ya mpango ule ni kwamba nchi hutoa kikosi cha watu wake, wafundishwe, kisha wauendeshe wenyewe na wageni warudi kwao. Kwa hiyo hatusemi kwamba kununua ni dhambi. Dhambi ni kununua bila kujifunza.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi wa Malaba na Busia? Kwa sababu tangu 2014, ulipoanza mpango wa forodha moja ya Afrika Mashariki, mizigo ya Uganda hutangazwa na kulipiwa ushuru ingali Mombasa, na mashini za nchi hizi mbili hazina budi kusemezana. Mwaka 2018, mwezi wa Februari, marais Kenyatta na Museveni walifungua rasmi kituo kimoja cha mpakani hapa Busia, ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Ni jambo jema. Lakini maana yake pia ni kwamba mashini ikilala upande mmoja, pande zote mbili zinalala. Malori yanapanga foleni. Dereva na tanboi wanalala ndani ya kebini, posho imekwisha, chakula cha barabarani ni ghali. Karani wa wakala anatukanwa na mwenye mzigo. Mwenye lori anahesabu siku. Nani analipa? Dereva analipa, tanboi analipa, karani analipa. Kontrakta halipi, kwa sababu mkataba wake uliandikwa na yeye ajuaye, ukatiwa sahihi na yeye asiyejua.

MTAMBO WA HOSPITALI

Twende sasa hospitalini. Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF iliondolewa, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna mwanachama asiyelijua tarakimu hilo. Linaonekana katika hati ya mshahara kila mwisho wa mwezi.

Mtambo wa kompyuta wa mpango huo ulipewa kundi la makampuni kwa mkataba wa shilingi bilioni 104.8. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Bi. Nancy Gathungu, alitoa taarifa yake. Alisema nini? Kwamba mtambo huo si mali ya serikali. Umiliki wake na haki za programu zake ziko kwa yale makampuni.

Fikirini, ndugu. Fedha zinatoka katika jasho letu. Wagonjwa ni wetu. Wauguzi na makarani wanaobonyeza vidole usiku na mchana ni wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Lakini nyumba yenyewe tumepanga. Tunalipa kodi ya nyumba inayojengwa kwa fedha zetu, na siku tukigombana na mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo.

Na yule karani wa hospitali hapa Butula? Mgonjwa akija na jina lake halionekani kwenye kioo, karani hawezi kulitengeneza. Msimamizi wake hawezi. Mganga mkuu hawezi. Wote wanajua kwa macho yao kwamba mtu huyu amelipa, risiti anayo mkononi, lakini hakuna mwenye mamlaka ya kuiambia mashini ukweli. Karani aliyesomea kazi yake amefanywa bawabu wa mlango asiokuwa na ufunguo wake. Matusi anapewa yeye.

KESI YA POSTA YA UINGEREZA

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa maana hapa ndipo penye hatari yenyewe.

Uingereza, nchi iliyotuletea sheria zetu nyingi, ilikuwa na jambo lililotokea katika posta yake. Kuanzia mwaka 1999 posta zake ndogondogo za vijijini na mijini zilitiwa mtambo wa hesabu uitwao Horizon. Wenye mtambo walikuwa kampuni ya Fujitsu. Waendeshaji wa posta hizo, wanaume kwa wanawake, walianza kuona maajabu: jioni wakifunga hesabu, mashini yasema fedha zimepungua. Leo pauni mia, kesho elfu. Walipiga simu, wakajibiwa kwamba mashini haikosei. Wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo. Mkataba wao uliwataka walipe upungufu. Wakalipa kwa akiba zao, kwa nyumba zao, kwa mikopo. Kisha wakashtakiwa.

Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu kwa ushahidi wa mashini hiyo. Kiasi cha 700 kati yao walishtakiwa na Posta yenyewe. Wengine walifungwa jela. Wengine walifilisika. Wengine walikufa majina yao hayajasafishwa. Ilikuwa mwaka 2019 tu ndipo Mahakama Kuu ya kule iliposema kwamba mtambo ulikuwa na makosa, na kwamba watu wa kontrakta waliweza kuingia katika hesabu za posta wakiwa mbali, jambo ambalo Posta ilikuwa imelikana miaka mingi. Mwaka 2024 Bunge lililazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Uliza: wakubwa wa Posta walikuwa wapi? Walikuwa ofisini, na barua za mkataba mezani. Hawakuwa na watu wa kutosha wa kwao walioujua mtambo kwa undani. Hata habari za hesabu zao wenyewe ilibidi waziombe kwa kontrakta, na mkataba uliweka kikomo cha maombi kwa mwaka. Ukipita kikomo, ulipe zaidi. Basi karani alipolia, "Sikuiba!", mkubwa alikuwa na njia mbili: kumwamini karani anayemjua kwa miaka 20, au kuiamini mashini asiyoijua hata siku moja. Aliiamini mashini, kwa sababu kumwamini karani kungemaanisha kukiri kwamba yeye mkubwa hajui anachosimamia.

Msiseme, "Hayo ni ya Ulaya." Tuseme mwenzetu anakusanya ushuru wa soko au wa maegesho ya malori, naye ana kimashini cha kukatia risiti. Jioni kimashini chasema shilingi 8,400. Mkononi ana 7,900. Labda alipoteza. Labda mtandao ulikatika, akabonyeza mara mbili, na malipo moja yakaandikwa mara mbili. Nani atajua? Msimamizi hajui. Kaunti haijui. Anayejua ni kontrakta, na kontrakta ndiye mshtakiwa wa pili. Je, mshtakiwa awe pia ndiye shahidi na hakimu?

Sheria yetu si mbaya, ndugu. Mbaya ni kutoijua. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa fedha kwa mfanyakazi aliyekabidhiwa fedha kwa mkataba, ikiwa upungufu umetokana na uzembe au kukosa uaminifu kwake mfanyakazi. Haisemi "kwa kosa la mashini". Kifungu cha 41 kinasema mfanyakazi asifukuzwe kwa kosa la utovu wa nidhamu kabla ya kusikilizwa, naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama hapo. Na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ionyeshwe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa wakati ule. Nani atatia sahihi kwamba ilikuwa sawasawa? Kama ofisi haina mtu wake ajuaye, ni kontrakta peke yake. Ngedere hawezi kuamua kesi ya mahindi.

SOMO LA TANZANIA

Tanzania ina historia ya pande mbili, nayo yafaa isomwe yote.

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu za serikali ilipotiwa katika kompyuta, ilitegemea sana wataalamu wa kigeni. Wenyeji wenye ujuzi walikuwa wachache mno. Hesabu zikavurugika. Ikawa lazima kurudi kwenye kalamu na daftari. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Hasira ile twaielewa, lakini dawa ile haikuwa sawa. Kosa halikuwa la mashini. Kosa lilikuwa kuleta mashini bila kulea watu wake. Na marufuku ikaongeza ujinga juu ya ujinga, maana huwezi kujifunza kuogelea kwa kukatazwa maji.

Upande wa pili ni huu. Miaka ya karibuni Watanzania waligeuza njia. Mwaka 2017 walianza kutumia mtambo wa malipo ya serikali, GePG, uliotengenezwa na wataalamu wao ndani ya serikali. Mwananchi wa kule hupewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki. Mwaka 2019 walitunga Sheria ya Serikali Mtandao na kuweka Mamlaka yake. Mwaka 2023 mtambo wa ununuzi wa serikali uliokuwa umenunuliwa kwa kampuni ya nje uliachwa, ukaingia NeST, uliotengenezwa na wenyeji. Hatusemi mitambo hiyo haina kasoro. Kila mashini huharibika. Lakini ikiharibika, anayeitwa ni mwajiriwa wa serikali, anayejulikana jina na meza yake, na anayebaki na somo la leo kwa ajili ya kesho.

MAJIBU YA WAKUBWA, NA MAJIBU YETU

Wakubwa watasema: "Hatuna wataalamu." Hili ni neno la kutuchekesha. Hapa kwetu kuna Chuo Kikuu cha Alupe. Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Vijana wanahitimu kila mwaka, kisha wanarudi nyumbani kuendesha bodaboda. Na huko Nairobi, gazeti la TIME la Marekani lilieleza Januari 2023 jinsi Wakenya walivyofanya kazi ya kuifundisha kompyuta ya kampuni ya OpenAI kutambua maneno maovu, kupitia kampuni iitwayo Sama, kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa. Kazi ya kompyuta za Amerika inafanywa na Wakenya, tena kwa ujira wa kutupwa. Basi kichwa cha kufanyia kazi ya Marekani tunacho, cha kufanyia kazi ya Butula hatuna? Vichwa vipo. Kisichokuwapo ni nafasi za kazi katika orodha ya kaunti na wizara.

Watasema: "Kontrakta ni rahisi kuliko mishahara." Mwaka wa kwanza, labda. Lakini hesabu ya kweli ni ya miaka kumi, pamoja na bei ya mkataba wa pili usiokuwa na mshindani. Anayekodi jembe kila msimu amekwisha lipa bei ya majembe mengi, na bado hana jembe.

Watasema: "Tukiwafundisha wataondoka." Ndiyo, wengine wataondoka. Hata walimu na wauguzi huondoka, wala hatujafunga shule na hospitali. Mlipeni fundi kama fundi, mpeni cheo cha fundi na kazi ya ufundi, na wengi watakaa. Asiyeguswa kwa neno jema wala kwa mshahara, kwa nini akae?

Watasema tena, kwa sauti ya chini: "Watumishi wetu ni wezi, kontrakta ni safi." Kwanza, ni nani waliotia sahihi mikataba mikubwa ya nchi hii? Si makarani. Pili, dawa ya mwizi ni kukaguliwa, na hakuna awezaye kukagua asichokijua.

Hata hivyo twakubali jambo moja kwa haki. Kaunti yetu haiwezi kutengeneza kila kitu peke yake, wala haifai ijaribu. Kununua mashini, kukodi waya za mtandao, kumwita bingwa kwa kazi maalumu: hayo yote yafaa. Kinachotakiwa kubaki nyumbani ni watu wa kutosha wanaoijua kazi kiasi cha kumwambia kontrakta "Hapana," na kueleza kwa nini.

Wala hatuna ugomvi na vijana wanaofanya kazi kwa kontrakta. Wengi ni watoto wetu, wana mikataba ya miezi mitatu mitatu, na wakidai haki wanaambiwa kwamba mwajiri wao si huyu bali ni yule. Mlango wa chama uko wazi kwao. Kontrakta hutajirika kwa sababu sisi na wao hatusemezani.

TUNAYOTAKA

Twaomba kila tawi liyajadili haya katika mkutano, na yaingizwe katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja na waajiri:

1. Ofisi yoyote isitoe kazi ya kompyuta kwa tenda kabla wafanyakazi watakaoitumia na chama chao hawajaonyeshwa masharti yake.

2. Data zote, maandishi ya programu, na funguo za mtambo ziwe mali ya ofisi ya umma, na zikabidhiwe tangu siku ya kwanza, si siku ya kuagana.

3. Waajiriwa wa kudumu wasiopungua wawili wakae bega kwa bega na kontrakta tangu mwanzo hadi mwisho, waguse, wafungue, wajifunze. Kazi isikubaliwe kuwa imekwisha mpaka hao waweze kuiendesha wenyewe.

4. Mfanyakazi asikatwe mshahara, asisimamishwe wala kushtakiwa kwa neno la mashini peke yake. Kwanza mwajiriwa wa ofisi ajuaye mtambo achunguze kumbukumbu zake, mwakilishi wa chama akiwapo.

5. Mtambo ukilala, kitabu cha risiti cha karatasi kitambuliwe, na saa za kulala ziandikwe na sisi, si na kontrakta.

6. Mkubwa atakayetia sahihi mkataba wa kompyuta awe na mtaalamu wa ofisi yake aliyeandika maoni yake kwa mkono wake. Bila maoni hayo, sahihi isikubaliwe.

Tangu leo, na wala usingoje mkutano, kila mwanachama anayeshika kimashini afanye jambo dogo: awe na daftari. Andika tarehe, saa, na kilichotokea kila mashini inapokataa, inaporudia malipo, au inapotoa hesabu usiyoielewa. Mwonyeshe mwenzako atie sahihi. Wale wa posta za Uingereza waliookoka waliokolewa na watu walioandika na kutunza karatasi zao, na walioacha kuamini kwamba kila mmoja yuko peke yake na shida yake.

Ndugu, mikono iliyojenga reli iliyopita Malaba ilikuwa ya wafanyakazi. Mikono inayobonyeza mashini za leo ni ya wafanyakazi. Hatukubali kuwa vidole bila kichwa. Ujuzi ukae nyumbani, na anayefanya kazi aijue kazi yake.

Someni, wapeni na wengine wasome. Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Butula